Jinsi ya Kukwama Chalbi kwa Adabu

Utakwama. Tuelewane hapo kwanza, maana anayekuahidi kwamba utavuka Chalbi bila kukwama anakuuzia matairi. Jangwa hili la kaskazini mwa Kenya, kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana, limeshakwamisha malori ya mizigo, magari ya serikali, magari ya misaada na magari ya watalii yenye bendera tatu kwenye boneti. Halichagui. Lililo mikononi mwako ni namna utakavyokwama: wapi, saa ngapi, ukiwa na maji kiasi gani, na ukiwa umeishi vipi na watu watakaokuja kukutoa.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha niandike. Madereva wengi wanaokwenda kule huamini wanaingia mahali patupu, uwanja wa kujaribia mashine. Si patupu hata kidogo. Ni malisho ya Wagabra na Warendille, ni njia ya ngamia wao, ni mahali mifugo inapolambia chumvi, na wewe umeingia humo kama mgeni anayepitia mlango wa uani bila kupiga hodi. Karibu kila ufundi nitakaokueleza hapa, kuanzia upepo wa tairi hadi shimo la choo, ni adabu ya mgeni. Anayeishika hufika. Asiyeishika hufika pia, ila nyuma ya lori, amefungwa kwa kamba.

Gari unaloliringia

Siku hizi lami inakuchukua hadi Marsabit mjini na kuendelea mpaka Moyale. Barabara hiyo kutoka Isiolo, ya takriban kilomita 500, ilikamilika katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa mawe na changarawe, na malori yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Dereva wa enzi hizo alifika Marsabit springi zimevunjika na kiburi kimevunjika. Wa leo anafika na kiburi kizima, miwani ya jua usoni, gari linang'aa, na muda si mrefu baada ya kuiacha lami kuelekea kijiji cha Maikona anagundua kwamba hajui gia ndogo inaingizwaje.

Jifunze ukiwa nyumbani. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo wengi huliita fowili, lina gia kubwa za mwendo na gia ndogo za nguvu. Magari mengi ya zamani yana pia kufuli kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, na hizo lazima ushuke uzigeuze kwa mkono. Aliyesahau kuzifunga anasukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma, huku akimsimulia abiria wake sifa za fowili.

Halafu mizigo. Nimeona magari yaliyopanda kaskazini na friji, jiko la kuchomea nyama, meza ya kukunja, viti sita na safu ya taa juu ya paa inayoweza kumulika uwanja wa mpira, lakini hayana sepetu. Nimeona pia bomba refu la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi paani. Bomba hilo limetengenezwa kwa ajili ya kuvuka mito, na linasaidia kidogo kwenye vumbi. Mito ya huku ni mikavu karibu mwaka mzima, na siku inapojaa hupaswi kuwa ndani yake, uwe na bomba usiwe nalo. Kila kilo unayopakia Nairobi utaifukua mchangani kwa mikono yako. Shusha friji. Pakia sepetu yenye mpini mrefu, ubao mnene wa kuwekea jeki, mbao mbili au vyuma vyenye matundu vya kutandika chini ya magurudumu, kipimo cha upepo, pampu inayotumia betri na nyingine ya mguu kwa siku betri itakapokataa, viraka, gundi, vyuma vya kubandulia tairi, na spea mbili kamili. Spea moja ni ya watu wa mjini.

Dizeli jaza Marsabit. Mchangani na kwenye gia ndogo injini hunywa zaidi sana kuliko barabarani, kwa hiyo hesabu ya lami usiende nayo. Mafuta ya akiba yabebe kwenye madebe ya chuma yenye kifuniko kinachoshika, chini kabisa ya mizigo, wala usiyaweke paani yakikupandisha uzito juu. Yale yanayouzwa kwa mapipa vijijini ni ya kukuokoa. Yachuje kwa kitambaa safi, lipa bei uliyotajiwa, na usimhubirie muuzaji kuhusu bei ya Nairobi. Yeye ndiye aliyeyafikisha hapo.

Toa upepo

Kama kuna jambo moja la kifundi ninalotaka ulishike, ni hili. Tairi lenye paundi 35 au 40 ni gumu, linaukata mchanga na kuzama. Ukilishusha hadi 20 linalala, unyayo wake unarefuka, na uzito wa gari unatawanyika mahali papana. Basi linaukanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Ngamia amefanya hivyo kwa wayo wake tangu hapo. Gari lililobeba mizigo anza na 20. Ukishakwama shuka hadi 15. Chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona ghafla. Likiwa limelegea hivyo, nenda polepole, na ukirudi kwenye njia ngumu lijaze tena, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa hupata joto na kupasuka.

Ni kazi ya dakika kumi, lakini watu wanaiogopa. Dereva mwenye haya anaona matairi yaliyobonyea yanamshushia hadhi mbele ya wenzake, kwa hiyo anaendelea kukanyaga mafuta, magurudumu yanaunguruma, mchanga unaruka nyuma, na chesisi inakaa chini kabisa kama imeamua kuhamia hapo. Sasa hadhi na ekseli zimezikwa pamoja, na ule upepo bado utatolewa, safari hii mtu akiwa amelala kifudifudi.

Mchangani chagua gia moja mapema na uende nayo. Mwendo uwe wa kudumu, usukani utulie, breki uisahau: ukitaka kusimama, ondoa mguu liache gari lijisimamie lenyewe, na kama upo mteremko karibu simama juu yake. Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, acha papo hapo. Usijaribu mara ya pili kwa hasira. Rudi nyuma taratibu kwa njia ileile uliyokuja nayo, maana imeshashindiliwa. Ikishindikana, zima injini, kunywa maji, kisha chimba mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo la gari, utandike mbao, uondoke kwa gia ndogo bila pupa. Abiria wote wateremke wasukume, hata yule aliyekuja kupiga picha.

Kuhusu kamba ya kuvutia sitanii. Usiifunge kamwe kwenye kile kitufe cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika hupaa kwa nguvu ya risasi, na kimeshaua watu katika nchi nyingi. Funga kwenye ndoano au pingu zilizoshikwa na chesisi yenyewe, tupia blanketi zito katikati ya kamba ili ikikatika lipunguze kasi yake, na watazamaji wote wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Watoto watakuwa wamekusanyika. Hakuna gari lenye thamani ya jicho la mtoto, kwa hiyo hadi wote wawe mbali, wewe usiwashe.

Chumvi inavyodanganya

Miaka kama 10,000 iliyopita Chalbi ilikuwa ziwa. Mvua zilipopungua maji yalikauka, yakaacha uwanda wa udongo laini na chumvi uliolala sawasawa hadi macho yashindwe. Ukiwa umekauka kwa miezi unakuwa mgumu kiasi cha kumfanya mtu mzima mwenye familia alizungushe gari lake duara kwa duara, akirekodiwa na shemeji yake. Aibu hiyo inaonekana kwa muda mrefu kuliko anavyodhani. Gamba la chumvi likishavunjwa na matairi halijirudi upesi: alama hukaa misimu na misimu, upepo hupeperusha vumbi la chini yake, na mvua ikija maji hufuata mifereji ya matairi badala ya kuenea kwenye nyasi chache za pembezoni ambazo mbuzi wa watu wanazisubiri. Ndiyo maana nasema fuata njia iliyopo. Hata kama ni mbovu, hata kama pembeni panaonekana pazuri zaidi. Ubovu wa njia hiyo angalau unajulikana.

Uzuri wa pembeni mara nyingi ni ngozi tu. Mahali palipo na rangi iliyokoza kuliko pengine pana unyevu, na chini ya gamba la sentimita chache kuna tope linaloshika gari hadi milangoni. Ukiwa na shaka, teremka utembee mbele kwa miguu. Kisigino kikizama, gari litazama zaidi. Na mvua ikinyesha, iwe ile ndefu ya Machi hadi Mei au ya Oktoba na Novemba, Chalbi haivukwi. Hata mvua iliyonyesha mlimani, wewe ukiwa kwenye jua kali, inaweza kushuka ikaujaza uwanda. Keti Kalacha au Maikona, nunua chai, subiri siku tatu, nne, wiki. Madereva wa malori wanasubiri, na wao wana mizigo inayooza. Wewe una likizo.

Saa nazo zina mambo yake. Endesha kuanzia mapambazuko hadi kama saa 4 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 alasiri. Asubuhi mchanga umepoa na umeshikana, na jua la kando linaweka vivuli vinavyokuonyesha kila shimo na kila tuta. Saa 6 mchana vivuli vimekwisha, ardhi yote inaonekana tambarare, na mazigazi yanakuletea ziwa, minazi na nyumba mahali pasipo na chochote. Wakati huo wenyeji wako kivulini. Waige.

Laga, ile mito mikavu yenye mchanga mweupe na miti ya mikoma kingoni, ni sehemu tamu sana ya kulala: laini, yenye kivuli, iliyokingwa na upepo. Usilale humo. Maji hushuka usiku kutoka milima ambayo hukuona hata wingu juu yake, na yanakuja na magogo. Vuka laga, panda ukingo, endelea mita mia kadhaa, ndipo ushushe mizigo. Na kabla ya kuvuka, ipitie kwanza kwa miguu.

Kwenye mawe ya volkeno, mfano uwanda wa Dida Galgalu au njia za kuelekea Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, sina mengi. Nenda polepole, elekeza tairi juu ya jiwe usilipitishe ubavuni, kwa kuwa ubavu wa tairi ni mwembamba na hauzibiki.

Ila kuna jambo la upepo ambalo madereva wa mjini hawalijui. Upepo wa nchi hii unavuma hasa kutoka kusini-mashariki. Ukitoka Maikona kwenda North Horr unakuwa mgongoni mwako, unakwenda nao sambamba, na rejeta haipati hewa ya kutosha. Sindano ya joto inapanda ingawa mwendo ni wa pole. Usifungue kifuniko cha rejeta, utaungua uso. Geuza gari liutazame upepo, acha injini iendelee kuunguruma taratibu, na baada ya dakika chache sindano itashuka.

Maji, na wenye maji

Hesabu lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, ongeza za kupikia, kisha ongeza za siku tatu ambazo huna mpango wa kuzikaa. Zigawe katika madumu kadhaa ili moja likipasuka usipoteze yote. Bia si maji. Nalisema kwa sababu nimeona orodha za safari ambazo bia imehesabiwa kwa kreti na maji kwa chupa.

Usijidanganye pia kwamba mbele kuna ziwa. Mnamo Machi 1888 msafara wa wapelelezi Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika kwenye ziwa ambalo leo ni Turkana. Waliobeba mizigo yao walikuwa wapagazi kutoka Zanzibar na pwani, na miongoni mwa waliofuatana nao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Watu hao, wazungumzaji wa Kiswahili chetu hiki, walitembea kwenye mawe ya moto wakiwa na kiu, wakayaona maji mengi yasiyo na mwisho, wakayakimbilia, na wakayakuta yana magadi. Ziwa halijabadilika tabia. Maji yake yana chumvi chumvi na floridi nyingi, na floridi hiyo ikinywewa kwa miaka huharibu meno na mifupa. Mamba nao wapo, tena wengi. Teleki akalipa ziwa jina la mwanamfalme wa Austria, kana kwamba waliokuwa wakivua pale siku zote hawakuwa na lao.

Maji matamu yapo visimani, na hapo ndipo adabu yako inapopimwa. Kisima hakikuwekwa na mbingu kwa ajili ya wasafiri. Kina watu waliokichimba, wanaokifukua kila mchanga unapokijaza, na wazee wanaopanga zamu ya nani anyweshe leo na nani kesho. Ngamia wameletwa kutoka malisho ya siku kadhaa, wakiwa wamekaa hata zaidi ya siku kumi bila kunywa. Kwenye visima virefu vya Marsabit wanaume husimama wakipokezana ndoo kutoka chini huku wakiimba ili mikono isichoke. Halafu wewe unawasili na gari, unapiga honi, ngamia wanatawanyika, unatumbukiza dumu lenye harufu ya dizeli. Ukifukuzwa, umestahili.

Simamisha gari mbali na kisima, mbali kabisa, zima injini, uende kwa miguu. Salimia wazee kwanza, na usalimie kwa kirefu: habari za watu, za mifugo, za mvua. Eleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Omba. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukiambiwa leo hakuna, shukuru uondoke, maana ulibeba ya kwako. Kumbuka watu hawa walipita ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa, na wengi walitazama mifugo yao ikianguka mmoja mmoja. Mtu aliyepita hapo akikupa dumu moja la maji, amekupa kitu kikubwa. Usiogee.

Mchukue mwenyeji akuongoze, kijana wa Maikona au Kalacha au North Horr, mkae naye kiti cha mbele. Mkubaliane malipo ya siku kabla ya kuondoka, umlishe unachokula, na hesabuni pia nauli yake ya kurudi. Ramani ya simu inajua njia iliyopitwa mwaka juzi na mtu ambaye pengine naye alikwama. Kijana anajua ilipohamia baada ya mvua ya mwisho, anajua boma gani lina msiba na lisipitwe kwa vumbi, na anajua wapi kuna wasiwasi wa wizi wa mifugo wiki hii. Akisema tuzunguke, zunguka. Kabla ya hapo, ukiwa bado Marsabit, ripoti polisi uulize hali ya njia. Na kila mahali utakapotaka kupiga kambi karibu na watu, anza kwa chifu au kwa mzee wa boma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni mwenyewe lazima aje mlangoni.

Msafara wa ngamia ukikutana nawe, simama, zima injini, uwaache wapite. Wengine wamebeba nyumba nzima, miti na mikeka na watoto juu yake. Peremende usirushe dirishani. Mtoto aliyezoea kurushiwa peremende hukimbilia kila gari, na siku moja atakimbilia gurudumu. Picha omba kabla hujainua kamera, na ukikataliwa iteremshe bila kununa. Usiku usiendeshe kabisa: ngamia ana miguu mirefu, ukimgonga mwili wake unakuingilia kwa kioo cha mbele.

Kulala

Kule Sarima, kusini mwa Loiyangalani, kumesimikwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo. Hakuna anayesimika mitambo 365 mahali penye vijiupepo. Upepo huo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, na huwa mkali zaidi usiku na alfajiri, yaani saa ileile ambayo wewe umejifunika blanketi. Hema lako la dukani, lenye vigingi vidogo vya kuchokolea meno, litakwenda North Horr kabla yako.

Lipige chini, si juu ya paa la gari, ambapo litakupigia kelele usiku kucha. Mgongo wake utazame kusini-mashariki, mlango uwe upande wa pili, gari lisimame kama ukuta upande wa upepo. Vigingi mchangani havishiki. Funga kila kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga, uuzike futi moja chini, juu yake weka jiwe. Usikate kuni. Mgunga uliosimama jangwani ni kivuli cha mbuzi na maganda yake ni chakula chao, na tawi kavu lililoanguka ni la jiko la mama fulani aliyelihesabu. Beba gesi. Tena moto wa wazi kwenye upepo huo ni balaa.

Vaa viatu kila unapokanyaga chini baada ya giza, shika tochi, na asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana nge hupenda humo. Wapo pia nyoka wadogo wenye sumu kali wanaotoka mchanga ukipoa. Usitie mkono chini ya jiwe usiloliona upande wa pili.

Choo ni shimo la sentimita 20, mbali na kambi, mbali zaidi na laga na kisima, nalo lifukiwe. Takataka zote zinarudi nawe hadi mjini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na ukitaka kujua faida ya sheria hiyo mwulize mfugaji aliyempasua mbuzi wake aliyekufa akakuta tumbo limejaa nailoni. Chupa tupu usimwachie mtoto ukidhani umetoa zawadi, isipokuwa mama yake amekuomba.

Ukivutiwa na boti za Loiyangalani, panda na mvuvi anayelijua ziwa, na asubuhi akikutazama akasema leo hapana, rudi ukalale. Mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, na hawakuonekana tena.

Ukikwama kweli

Sepetu imechoka, mbao zimevunjika, kitu fulani chini ya gari kimetoa sauti ambayo si ya kawaida. Kaa na gari. Gari linaonekana kutoka mbali, lina kivuli, lina maji. Mtu anayetembea jangwani ni nukta ndogo. Fungua boneti, tandika kitambaa cha rangi kali paani, lala chini ya turubai iliyofungwa ubavuni mwa gari. Usilale chini ya gari lililo kwenye jeki. Kunywa ukiwa na kiu, usiyahifadhi maji chupani huku unaishiwa nguvu. Simu izime, uiwashe kwa vipindi, kwani minara ipo vijijini tu na betri yako haina mahali pa kuchajiwa. Kwa mgonjwa au majeruhi, Kalacha, North Horr na Loiyangalani kuna viwanja vidogo vya ndege, na AMREF, ambao madaktari wao wa ndege wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu 1957, wanaweza kuitwa. Namba yao iandike kwenye karatasi na uhakikishe bima yako kabla ya safari.

Atakayekukuta kwanza yaelekea atakuwa mtu na ngamia wake, au lori la mbuzi lenye abiria juu. Msalimie kabla ya kumwonyesha tatizo. Wakianza kuchimba, chimba nao. Usisimame pembeni ukitoa maelekezo. Malipo yazungumzwe mapema na kwa heshima, yatosheleze kazi ya watu wote waliopoteza nusu siku kwa ajili yako. Na kama una maji ya ziada, wape.

Jaza upepo matairi yote kabla ya kugusa lami, na ukisharudi Marsabit kaza nati za magurudumu, angalia springi na shokabsoba, safisha chujio la hewa. Chumvi ya Chalbi inakula chuma, kwa hiyo tope lililokauka chini ya gari liondoe siku hiyohiyo kwa kijiti na brashi. Kuoshea maji usioshee hapo, maji ya Marsabit mjini nayo ni ya shida. Endelea hadi Nanyuki ndipo ulipulizie bomba chini ya tumbo lote, ndani ya matao ya magurudumu na juu ya ekseli. Kabla ya yote hayo, mpigie simu yule uliyemwachia siku na saa ya kurudi, asije akakodisha lori kwenda kukutafuta.